Maswali ya Wasomaji: Zama za Mwangaza, kuanzia vitabu vya magendo hadi vifungu vya katiba

Wasomaji wengi wametuuliza kuhusu Zama za Mwangaza, yaani vuguvugu la fikra la karne ya 18 barani Ulaya na katika makoloni ya Ulaya huko Amerika. Swali linalojirudia kwa sura mbalimbali ni jinsi mawazo ya watu wachache wenye kalamu yalivyogeuka kuwa sheria, hukumu na vipimo. Tumejibu kwa kufuata hati zaidi kuliko nadharia, kwa sababu wazo likishaandikwa kwenye kifungu unaweza kuona limefanya nini na limekwama wapi. Maswali tumeyafupisha.

SWALI: Nafundisha historia. Kitabu kimoja kinasema Zama za Mwangaza zilianza 1689, kingine 1715, kingine 1751. Niwaambie wanafunzi nini? Na jina hilo lilitoka kwa nani?

JIBU: Kila mwaka una hoja yake, mwalimu. Mwaka 1689 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Haki, na barua ya mwanafalsafa Mwingereza John Locke kuhusu uvumilivu wa kidini ikachapishwa. Mwaka 1715 alifariki Louis wa 14 wa Ufaransa. Mwaka 1751 ilitoka juzuu ya kwanza ya Ensaiklopidia ya wasomi Wafaransa Diderot na d'Alembert. Wanafunzi wachague mmoja, watoe sababu, wasonge mbele. Anayemaliza kurasa mbili akitafuta siku ya kuanza hubaki hana nafasi ya kueleza kilichoanza.

Jina walijipa wenyewe. Desemba 1783 mchungaji wa Berlin, Johann Friedrich Zöllner, aliandika katika jarida la Berlinische Monatsschrift kupinga ndoa zisizofungwa na kanisa, na ndani ya tanbihi akauliza: huo mwangaza ni kitu gani hasa? Mwanafalsafa Moses Mendelssohn alijibu Septemba 1784, mwenzake Immanuel Kant akafuata Desemba. Insha maarufu kuliko zote za zama hizo, basi, ilikuwa jibu kwa swali lililoulizwa gazetini, jambo linalotufurahisha sisi wa safu hii.

Kant alisema mwangaza ni mtu kutoka katika utoto aliojitakia mwenyewe, utoto huo ukiwa ni kushindwa kutumia akili yake bila kushikwa mkono na mwingine. Hapo wengi hufunga kitabu, nao hukosa sehemu ngumu. Kant anaendelea kusema kwamba ofisa wa jeshi lazima atii amri akiwa kazini, lakini akiandika kama msomi mbele ya umma unaosoma, ana haki ya kukosoa amri hiyo. Mlipakodi lazima alipe, ila anaweza kuchapisha kwamba kodi ni ya dhuluma. Mchungaji afundishe mafundisho ya kanisa lake, kisha mashaka yake ayaandike. Huo ni uhuru wa kalamu tu. Aliyeuandika alikuwa raia wa Prussia, dola ya Kijerumani ya mfalme Frederick wa 2, na inaonekana.

SWALI: Nasoma kwamba vitabu vya wanafalsafa Voltaire na Rousseau vilipigwa marufuku Ufaransa. Hapohapo nasoma kwamba kila msomi alikuwa navyo. Iliwezekanaje?

JIBU: Anza na vibali. Ufaransa ya kabla ya mapinduzi ya 1789, mswada ulipaswa kupita kwa mkaguzi wa mfalme kabla ya kuchapwa. Ukipita vizuri ulipata haki ya pekee ya kuchapwa, yenye muhuri wa mfalme. Chini yake kulikuwa na kibali cha kimyakimya: kitabu kinaruhusiwa, lakini mfalme hahusishwi nacho, na mara nyingi ukurasa wa mbele ulidai kimechapwa Amsterdam au London. Chini zaidi kulikuwa na kuvumiliwa tu, polisi wakiambiwa wafumbe macho. Malesherbes, aliyesimamia idara ya vitabu kuanzia 1750 hadi 1763, aliona faida ya daraja hizo za chini. Alijua kuwa kitabu kinachokataliwa Paris huchapwa nje ya mpaka, na fedha ya msomaji Mfaransa huvuka kwenda huko.

Kilichokosa hata uvumilivu kiliingia kwa magendo. Mfano unaojulikana vizuri ni kampuni ya uchapaji ya Neuchâtel, mji ulioko Uswisi ya leo, iliyoanzishwa 1769 na ambayo kumbukumbu zake za biashara zimehifadhiwa. Siri ya kazi ilikuwa katika karatasi zenyewe. Vitabu vya wakati huo vilisafirishwa vikiwa mafungu ya karatasi zilizochapwa, bila jalada, na mnunuzi ndiye aliyepeleka kwa fundi wa kujalidi. Basi mfanyakazi aliweza kuchomeka kurasa za kitabu kilichokatazwa katikati ya kurasa za kitabu halali, akafunga robota, na mkaguzi akifungua juu anakuta maandiko ya dini. Duka la upande wa pili lilitenganisha kurasa na kuzipanga upya. Palikuwa pia na watu waliojiita waweka bima: walichukua asilimia ya thamani ya mzigo, wakatafuta wabebaji wa kuvuka milima ya Jura usiku, na mzigo ukikamatwa walilipa. Katika barua za biashara, bidhaa hii yote iliitwa "vitabu vya falsafa", na humo mlikuwa na hoja za kumkana Mungu, kashfa za kasri la mfalme na hadithi za uchi, zote kwenye orodha moja. Anayedhani umma wa Ufaransa ulikesha ukisoma nadharia ya dola peke yake aitazame orodha hiyo.

Ensaiklopidia inaonyesha mchezo huo ukichezwa ndani ya mfumo wenyewe. Tangazo la 1750 liliahidi juzuu 10 kwa livre 280 (livre ni fedha ya Ufaransa ya wakati huo). Mwishowe zilikuwa juzuu 28, yaani 17 za maandishi na 11 za michoro, kwa livre 980. Mwaka 1752 juzuu mbili za kwanza zilizuiwa. Mwaka 1759 haki ya kuchapa ilifutwa kabisa, na wachapaji wakaamriwa kumrudishia kila aliyejiandikisha livre 72. Waliojiandikisha hawakuja kudai. Wachapaji wakaomba kibali kipya cha mkusanyo wa michoro, wakakipata, na fedha ikabaki kazini. Juzuu 10 za mwisho za maandishi zilichapwa Paris penyewe zikiwa na jina la Neuchâtel ukurasa wa mbele, zikatolewa kwa pamoja kuanzia 1765. Pigo baya zaidi lilitoka nyumbani: mchapaji mkuu, Le Breton, kwa hofu ya kufungwa, alikuwa akikata kwa siri makala ambazo Diderot alikwisha kuzipitisha. Diderot aligundua 1764, kazi ikiwa karibu kwisha.

Uasi wa kitabu hicho mara nyingi uko kwenye marejeo. Makala juu ya walaji wa watu inamalizika kwa kumwelekeza msomaji aangalie makala za Ekaristi, Komunyo na Altare. Diderot mwenyewe alieleza mbinu hiyo waziwazi mwaka 1755, ndani ya kitabu hichohicho. Lakini sehemu kubwa ya kazi ni maelezo ya ufundi: namna ya kupuliza kioo, kutengeneza karatasi, kufuma soksi. Makala ya pini inasema pini moja hupitia hatua 18 kabla ya kufika sokoni: waya huvutwa, hunyooshwa, hukatwa, huchongwa ncha, kichwa hutengenezwa peke yake na kupachikwa, kisha pini huoshwa kwa bati na kuchomekwa kwenye karatasi. Adam Smith aliichukua pini hiyo yenye hatua 18 mwaka 1776 kueleza mgawanyo wa kazi. Watu 10 waliogawana hatua, alisema, hutoa pini zaidi ya 48,000 kwa siku, ilhali mmoja peke yake asingefikisha 20. Kwa maoni yetu, kuheshimu kazi ya mikono kiasi cha kuichora hatua kwa hatua kulikuwa na ujasiri usiopungua ule wa kuwachokoza mapadri.

SWALI: Voltaire aliandika wapi kwamba hakubaliani na usemalo lakini atatetea hadi kufa haki yako ya kulisema?

JIBU: Hakuandika popote. Maneno hayo ni ya Evelyn Beatrice Hall, mwandishi Mwingereza, katika kitabu cha 1906 kuhusu marafiki wa Voltaire. Alikuwa anaeleza kwa lugha yake mwenyewe msimamo wa Voltaire kuhusu kitabu cha mwanafalsafa Helvétius kilichochomwa moto. Voltaire halisi alikuwa na makucha: mwaka 1764 alitoa kijitabu bila jina dhidi ya Rousseau, akifichua kwamba Rousseau aliwatelekeza watoto wake, na kudokeza kuwa mchochezi wa namna hiyo hustahili kifo.

SWALI: Nasomea sheria. Tunaambiwa mwandishi Mwitalia Beccaria ndiye aliyeondoa mateso mahakamani Ulaya. Kijitabu kimoja kingewezaje? Na kwa nini majaji walitesa watu tangu mwanzo?

JIBU: Tujibu la pili kwanza, kwa kuwa bila hilo hoja ya Beccaria inaonekana nyepesi. Majaji hawakutesa kwa sababu ya ukatili tu. Katika nchi zilizofuata sheria ya Kirumi na ya kanisa, hukumu ya kifo ilihitaji ushahidi kamili, nao ulikuwa wa aina mbili: mashahidi wawili walioona kwa macho yao, au kukiri kwa mshtakiwa. Jaji hakuwa na ruhusa ya kujumlisha dalili na kuamua moyoni kuwa mtu ana hatia. Kisu chenye damu na shahidi mmoja viliweza kufikia nusu ya ushahidi. Nusu nyingine ingetoka wapi? Kwa mshtakiwa mwenyewe. Masharti yaliyowekwa kumlinda ndiyo yaliyompeleka kwenye kamba ya mateso. Amri ya Ufaransa ya 1670 ilitambua mateso ya namna mbili: yale ya kupata kukiri, na yale ya kumtaka aliyekwisha kuhukumiwa kifo awataje wenzake.

Kesi ya Jean Calas inaonyesha mtambo huo ukifanya kazi. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1761, mwanawe Marc-Antoine alikutwa amekufa dukani kwao Toulouse. Familia ilikuwa ya Kiprotestanti. Kwanza walisema ameuawa na mtu asiyejulikana, kisha wakasema alijinyonga. Kubadilisha maelezo kuliwaponza, na mtaani ikavuma kwamba baba amemuua mwana ili asiwe Mkatoliki. Calas aliteswa, hakukiri, na tarehe 10 Machi 1762 akauawa kwa kuvunjwa viungo kwenye gurudumu. Majaji walitegemea awataje wenzake dakika ya mwisho. Kwa kuwa hakutaja mtu, kesi dhidi ya familia yake ilibomoka mikononi mwao. Voltaire alichapisha kitabu chake juu ya uvumilivu mwaka 1763, akasukuma suala hilo hadi Paris, na tarehe 9 Machi 1765 hukumu ikafutwa.

Katikati ya hayo, mwaka 1764, Cesare Beccaria wa Milano alichapa kitabu chake kuhusu makosa na adhabu huko Livorno, bila jina lake. Alikuwa na miaka 26. Hoja yake juu ya mateso ni ya kimantiki. Ama kosa ni la hakika, ama si la hakika. Likiwa la hakika, adhabu ya kisheria inatosha na kukiri hakuhitajiki. Lisipokuwa la hakika, unamtesa mtu ambaye sheria bado inamhesabu hana hatia. Kinachopimwa na kamba ni misuli: jambazi mwenye nguvu huachiliwa, mnyonge asiye na kosa hukiri. Kwa kejeli akasema mwanahisabati angeifanya kazi hiyo vizuri kuliko jaji, kwa kukokotoa kutoka nguvu za misuli na wepesi wa neva kiasi cha maumivu kinachotosha kumfanya mtu akiri kosa fulani.

Sasa tarehe, maana ndizo zinazopunguza sifa za kijitabu. Frederick wa 2 wa Prussia aliyafuta mateso, kwa kubakiza makosa machache, mwaka 1740, miaka 24 kabla ya Beccaria. Uswidi ilifuata 1772, Austria 1776. Ufaransa iliondoa mateso ya kutafuta kukiri mwaka 1780 na yale ya kutafuta wenzake mwaka 1788. Wanahistoria wa sheria wanaeleza kwamba mahakama zilikuwa zimeshapata njia nyingine: pale ushahidi ulipopungua, jaji aliweza kutoa adhabu ndogo kuliko kifo, kama kazi ngumu, na hivyo hakulazimika kupata kukiri. Beccaria aligonga mlango uliokuwa umeshalegea bawaba. Alichoongeza ni sababu ambazo mfalme yeyote angeweza kuzitaja hadharani bila aibu.

Na usimchukulie kama mtu wa huruma tupu. Alipinga adhabu ya kifo kwa hesabu, akisema kazi ngumu ya maisha hutisha zaidi kwa sababu watu huiona kila siku. Alisisitiza adhabu iwe ya hakika na ya haraka kuliko kuwa kali. Toscana, dola mojawapo ya Italia, ilifuta adhabu ya kifo tarehe 30 Novemba 1786, ikairudisha kwa sehemu mwaka 1790 baada ya ghasia. Ukitaka alama yake iliyodumu, soma ibara za 7 hadi 9 za Azimio la Haki la Ufaransa la 1789. Ibara ya 8 inasema sheria iweke adhabu zile tu ambazo ulazima wake ni wa kweli na wa wazi.

SWALI: Je, ni kweli Katiba ya Marekani ni mwanafalsafa Mfaransa Montesquieu aliyewekwa kwenye vifungu?

JIBU: Kwa kiasi, na kwa kumrekebisha. Chanzo ni kitabu chake cha 1748 kuhusu roho ya sheria, sehemu ya 11, sura ya 6, anapoeleza katiba ya Uingereza. Locke alikuwa ametaja mamlaka tatu, ila ya tatu kwake ilikuwa ya vita na mikataba na mataifa mengine. Montesquieu ndiye aliyeipa mahakama nafasi yake kando ya bunge na serikali. Uingereza aliyoichora haikuwa sahihi sana, maana mawaziri wa huko waliketi bungeni. Hata hivyo wasomaji wake wa Amerika walivutiwa na mchoro.

Kosa la kawaida ni kudhani alitaka kuta tatu zisizo na mlango. Katiba ilipokuwa inapigiwa debe mwaka 1788, wapinzani walilalamika kwamba inachanganya mamlaka. James Madison, katika makala ya 47 ya Federalist, mfululizo wa makala za kuitetea Katiba aliouandika pamoja na Alexander Hamilton na mwenzao, akajibu kwamba Montesquieu alikataza mamlaka yote ya chombo kimoja kushikwa na wenye mamlaka yote ya kingine. Kugusana kidogo hakukatazwa. Kugusana huko ndiyo kazi yenyewe. Rais anaweza kukataa muswada, na Bunge linaweza kumshinda kwa theluthi 2 za kila baraza. Rais anateua majaji, Seneti inawathibitisha. Baraza la Wawakilishi linamshtaki rais, Seneti inamhukumu, tena kwa theluthi 2.

Kifungu tunachopenda kuwaonyesha wanafunzi ni cha mishahara, ambacho hakuna anayekikumbuka. Ibara ya 3 inasema malipo ya jaji hayatapunguzwa akiwa kazini. Ibara ya 2 inasema malipo ya rais hayataongezwa wala kupunguzwa katika muhula wake. Hamilton alieleza sababu katika makala ya 79: anayeshika riziki ya mtu ameshika na utashi wake. Ukifuta mistari hiyo miwili, Bunge lingeweza kuinunua mahakama kwa bajeti bila kuvunja kifungu kingine chochote.

Mahali walipomkataa wazi ni ukubwa wa nchi. Montesquieu aliamini jamhuri hudumu katika eneo dogo. Madison, makala ya 10, aligeuza: katika jamhuri kubwa makundi ni mengi kiasi kwamba si rahisi moja kuwakandamiza wengine.

SWALI: Watu walioandika "binadamu wote wamezaliwa sawa" walimiliki watumwa. Kwa nini tuendelee kuwasoma?

JIBU: Wasomwe pamoja na hati zao nyingine. Locke aliwekeza katika Royal African Company, kampuni ya Kiingereza iliyosafirisha watumwa. Jefferson, mwandishi wa Azimio la Uhuru wa Marekani la 1776, alimiliki zaidi ya watu 600 katika maisha yake. Katiba ya Marekani ya 1787 ilihesabu mtumwa kama sehemu 3 kati ya 5 za mtu katika kugawa viti vya uwakilishi, na ikazuia Bunge kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya 1808. Mwanafalsafa Mskoti David Hume aliongeza tanbihi katika insha yake juu ya tabia za mataifa, akidai watu weusi ni duni kwa asili.

Utetezi wa kwamba "walikuwa watu wa wakati wao" hausimami, kwa kuwa wakati wao ulikuwa na watu waliosema kinyume. James Beattie wa Aberdeen alimjibu Hume mwaka 1770. Mwanafalsafa Mfaransa Condorcet aliandika dhidi ya utumwa mwaka 1781. Ottobah Cugoano, aliyetekwa utotoni pwani ya Ghana ya leo, alichapa London mwaka 1787 kitabu kinachodai utumwa ukomeshwe kabisa. Na kabla ya wote hao, Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa pwani hiyohiyo, alitetea tasnifu ya sheria Halle mwaka 1729 kuhusu haki za Waafrika Ulaya, akatetea nyingine ya falsafa Wittenberg mwaka 1734, akafundisha Halle na Jena. Hume alipoandika tanbihi yake, Amo alikuwa ameshafundisha Wajerumani falsafa.

Jaribio kubwa zaidi lilifanyika Saint-Domingue (Haiti ya leo), koloni tajiri la sukari la Ufaransa. Azimio la Agosti 1789 lilisema watu huzaliwa na kubaki huru na sawa katika haki, na Bunge la Paris likaendelea kuliona koloni kama jambo la biashara. Agosti 1791 watumwa wa kaskazini waliinuka. Kamishna wa Ufaransa huko, Sonthonax, akihitaji askari dhidi ya Wahispania na Waingereza, alitangaza uhuru kaskazini tarehe 29 Agosti 1793, na Paris ikaufanya sheria kwa makoloni yote tarehe 4 Februari 1794. Angalia mpangilio: uasi kwanza, tangazo la uwanjani baadaye, sheria ya wanafalsafa mwisho. Napoleon alirudisha utumwa kwa sheria ya Mei 1802, jeshi lake likashindwa, na Haiti ikajitangaza huru tarehe 1 Januari 1804. Mwaka 1825 Ufaransa iliitambua kwa masharti ya fidia ya faranga milioni 150, iliyopunguzwa hadi milioni 90 mwaka 1838. Waliofidiwa walikuwa wamiliki wa zamani.

Wanawake nao walisoma Azimio la 1789 wakajikuta hawamo. Mwandishi Mfaransa Olympe de Gouges aliliandika upya Septemba 1791, ibara 17 kwa 17. Ya 10 inasema mwanamke ana haki ya kupanda jukwaa la kunyongea, basi awe na haki ya kupanda jukwaa la kuhutubia. La kwanza alipandishwa tarehe 3 Novemba 1793.

SWALI: Wafalme "walioangaziwa" kama Catherine wa 2 wa Urusi waliamini kweli, au ilikuwa maonyesho?

JIBU: Yote mawili kwa wakati mmoja. Maelekezo ya Catherine ya 1767 kwa tume ya kutunga sheria yalikuwa na ibara 526, zaidi ya nusu zikitoka kwa Montesquieu, na sura ya 10 ikimfuata Beccaria karibu neno kwa neno. Tume ilikutana, wajumbe wakazungumza, vita na Waturuki ikaja 1768 na tume ikaahirishwa bila kutoa sheria. Agosti ya 1767 hiyohiyo, amri nyingine ilikataza wakulima watumwa kupeleka malalamiko dhidi ya mabwana zao. Linganisha hati mbili hizo, hutahitaji kumsoma moyo.

Joseph wa 2 wa Austria aliamini, na imani ilimponza. Uvumilivu wa kidini wa 1781 ulidumu. Lakini mwaka 1784 aliamuru maiti wazikwe kwenye gunia, wakitolewa katika jeneza lenye sakafu ya kufunguka ili litumike tena na mbao zisipotee. Hesabu ilikuwa sahihi. Hasira za watu zilimlazimisha kuiondoa amri hiyo mwaka uliofuata.

SWALI: Mita na kalenda ya mapinduzi ya Ufaransa vilitoka kwa watu walewale. Kwa nini mita imeenea na kalenda imekufa?

JIBU: Kwa sababu mita iliondoa kero ambayo watu waliilalamikia, na kalenda ilileta mpya. Kabla ya 1789 vipimo vya urefu na nafaka Ufaransa vilitofautiana mji hadi mji, na kabaila aliyepokea ushuru kwa pishi lake alikuwa na sababu ya kulipanua. Mwaka 1791 iliamuliwa mita iwe sehemu moja ya milioni 10 ya umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta. Wanafalaki Delambre na Méchain walipima mstari wa Dunkirk hadi Barcelona kuanzia 1792 hadi 1798. Waliokokotoa hawakupata sawasawa ubapa wa dunia, na fimbo ya platini ya 1799 ikawa fupi kwa takriban milimita 0.2. Haikudhuru. Kipimo kinahitaji wote wakubaliane juu ya fimbo moja, na fimbo ilikuwepo.

Kalenda ilikuwa na miezi 12 ya siku 30, kila mwezi mafungu 3 ya siku 10, na siku 5 au 6 za kujazia. Siku rasmi ya kupumzika ilikuwa ya 10. Piga hesabu: kutoka Jumapili 52 kwa mwaka hadi mapumziko 36. Mfanyakazi alikatwa siku 16, na muumini akanyang'anywa Jumapili. Juu ya hayo, mwaka ulianza siku ya mlingano wa vuli, yaani ile ya Septemba ambapo mchana na usiku hulingana, kwa saa ya Paris, hivyo miaka mirefu ilitegemea wanafalaki badala ya kanuni ambayo karani yeyote angeikumbuka. Napoleon aliifuta kuanzia tarehe 1 Januari 1806.

Saa nazo ziligawanywa upya: siku ya saa 10, kila saa dakika 100. Saa moja mpya ilikuwa sawa na saa 2 na dakika 24 za zamani, na kila saa ya mnara ingehitaji mashine mpya. Sheria ya tarehe 7 Aprili 1795, ileile iliyoweka mita, gramu na lita, ndiyo iliyosimamisha ulazima wa saa hizo. Mita yenyewe haikupita bila kugomewa. Mwaka 1812 Napoleon aliruhusu majina na vipimo vya mazoea virudi madukani, na Wafaransa walipimiana hivyo hadi sheria ya 1837 ilipoifanya mita kuwa ya lazima kuanzia tarehe 1 Januari 1840.